Gunhild Brink na Baba wa Kuazima

Mama yetu, marehemu Gunhild Teresia Brink, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1929, katika shamba la Hedvigslund, Södermanland. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Mzee Hjalmar Rask, mwendesha farasi wa shamba, na Mama Teresia, mkamuaji wa ng'ombe. Wengi wenu mlioketi humu kanisani mnayajua maisha yake, kwa kuwa aliyasimulia mwenyewe kila tarehe mosi Mei kwa zaidi ya miaka hamsini. Wasifu huu hautafanana na masimulizi yale. Mama aliniagiza hivyo, mimi Ingela, binti yake wa kwanza, na nawaomba mnisikilize hadi mwisho kabla ya kunikasirikia.

Walikaa katika jengo refu la mbao lenye familia sita, kila familia chumba kimoja na jiko. Vibarua walifungwa mkataba wa mwaka mzima, Oktoba hadi Oktoba, na sehemu kubwa ya ujira wao ilikuwa maziwa, nafaka na viazi. Mkataba wa mume ulimfunga na mke, kwa hiyo Mama Teresia alikamua mara tatu kwa siku, ya kwanza saa kumi alfajiri, awe mjamzito au mgonjwa.

Mzee Hjalmar hakuwahi kumpiga mtoto. Alikuwa mpole kiasi kwamba farasi walimjua kwa mluzi. Lakini kulikuwa na somo moja alilolirudia kila Jumapili baada ya uji, akiwa amewapanga wanawe mbele ya jiko.

"Akikuuliza mtu mwenye viatu vinavyong'aa, unafanyaje?"

"Nasimama, navua kofia, nasema kweli," watoto walijibu.

"Na usipojua jibu?"

"Navua kofia tu, Baba," alisema mjomba Folke, aliyekuwa mdogo kuliko wote, na hapo hata Mzee Hjalmar alicheka.

Ukuta mmoja wa mbao uliwatenga na familia ya Edvin Holmlund, mkewe Asta na watoto wao watatu. Binti yao mkubwa, Elsy, alikuwa mdogo wa mama kwa mwaka mmoja. Asubuhi waligongeana ukutani kuulizana nani ameshavaa viatu. Mzee Edvin alikuwa mtu wa utani na sauti kubwa. Kiangazi cha mwaka 1938 alianza kuwakusanya vibarua jikoni kwake Jumapili mchana, akiwaandikisha katika chama cha wafanyakazi wa mashambani. Mzee Hjalmar hakwenda hata mara moja, na Edvin alikuwa akimpigia kelele kupitia ukutani.

"Hjalmar! Umekufa au umelala? Njoo, kahawa ipo!"

"Mguu unaniuma."

"Basi njoo na ule mwingine!"

Siku ya Jumatatu, tarehe 5 Septemba 1938, msimamizi wa shamba aliingia jikoni kwa akina Rask akiwa na karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwamba Edvin Holmlund anawachochea vibarua na kwamba anawatesa farasi wa shamba. Hilo la farasi lilikuwa uongo, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko Mzee Hjalmar, aliyeshinda zizini na Edvin kila siku ya kazi. Alivua kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaketi, akatia sahihi.

Akina Holmlund walitolewa tarehe 24 Oktoba, siku ya kuisha mikataba. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Walipewa gari moja la farasi la kubebea vyombo vyao hadi mpakani mwa shamba, na aliyeliendesha alikuwa Mzee Hjalmar, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Elsy aliketi nyuma juu ya magunia ya viazi, amepakata saa ya ukutani aliyofunikwa nayo kwa blanketi moja. Mama alikuwa dirishani. Elsy alimwona, naye hakupunga mkono.

Hakuna shamba mkoani kote lililomchukua tena Edvin. Familia ililala kwenye banda la kukaushia matofali mpaka Krismasi, kisha ikahamia kwenye machimbo ya mawe mkoa mwingine, na huko Mzee Edvin alifanya kazi hadi alipofariki mwezi Januari 1951.

Mama alianza shule ya msingi mwaka 1936 chini ya mwalimu Hedda Malmros, ambaye alisema hajapata mtoto mwepesi wa hesabu kama Gunhild Rask. Alimaliza mwaka 1942 akiwa na miaka kumi na mitatu, akaenda kuwa mtumishi wa nyumbani kwa daktari mmoja mjini Kolsta. Huko ndiko alikojifunza kusoma magazeti, kwanza yale aliyoyatandika chini ya viatu vya daktari. Kazi ya kuving'arisha viatu hivyo, alisema, ndiyo iliyomtoa hofu navyo.

Majira ya baridi ya mwaka 1951 alipata nafasi katika chuo cha wananchi, na wiki ya pili ya masomo wanafunzi waliketi pamoja, kila mmoja akaeleza ametoka wapi. Msichana aliyemtangulia alieleza jinsi baba yake alivyoongoza mgomo kwenye kiwanda cha mbao. Chumba kizima kilipiga makofi. Kisha wote wakamgeukia mama, aliyekuwa na gauni la kuazimwa na baba aliyetia sahihi. Mama alifungua mdomo, na kilichotoka ni gari la farasi, mvua, magunia ya viazi, mtoto aliyepakata saa. "Baba yangu alifukuzwa," alisema, "kwa kuwaandikisha wenzake."

Walimpigia makofi kuliko yule wa kwanza. Wakati huo Mzee Edvin hakuwa na hata mwezi mmoja kaburini, lakini mama hakujua.

Baada ya chuo aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya chama cha wafanyakazi hapa Kolsta, na mwaka 1958 akachaguliwa diwani. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1985 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya nyumba. Kazi aliyoifanya mnaiona kila mnapotoka nje. Nyumba mia nne na kumi na mbili zilijengwa katika miaka yake, kila moja na bafu lake. Alipitisha kanuni kwamba familia yoyote yenye watoto isitolewe kwenye nyumba mwezi Oktoba, hata kama imevunja masharti yote ya mkataba. Diwani mmoja wa upande wa pili alimuuliza kikaoni, "Gunhild, kalenda yako ina miezi kumi na moja?"

"Ndiyo," mama alijibu. "Na ukiendelea kuniuliza, nitatoa na mwezi wa likizo yako."

Kulikuwa na kanuni nyingine ambayo hakuna aliyeielewa. Aliwakataza wakaguzi wa nyumba wasimuulize mtoto swali lolote. Mkaguzi akigonga na mlango ukafunguliwa na mtoto, basi aage na aondoke. Mkaguzi mmoja aliyemuuliza binti wa miaka saba kama wazazi wake wanapangisha chumba alihamishwa kazi wiki hiyo hiyo. Wenzake walisema mama amezidi. Hata sisi nyumbani tulisema hivyo.

Mwaka 1983 halmashauri iliamua kukiita kiwanja kidogo kilicho mbele ya maktaba Kiwanja cha Hjalmar Rask, na kuweka kibao cha shaba kinachosema kwamba alifukuzwa kwa ajili ya haki za wenzake. Mama hakuomba jambo hilo. Hakulizuia pia. Siku ya uzinduzi alivuta kitambaa, akashukuru kwa maneno machache, akaenda nyumbani akalala mchana kutwa. Sisi tulidhani ni mafua.

Mama alifunga ndoa na baba yetu, Torvald Brink, fundi wa reli, siku ya Jumamosi tarehe 12 Juni 1954, katika kanisa hili hili. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi mwaka 1956 na ndugu yangu Roland mwaka 1959. Baba alikuwa mtoto wa mkulima mwenye shamba lake, na alikipigia kura chama cha wakulima maisha yake yote. Alisema, "Nilizaliwa nimeshika jembe langu mwenyewe, mnataka nifanyeje?" Kila siku ya uchaguzi alijifunga tai, akasimama mlangoni na kumwita mkewe: "Haya Gunhild, twende tukafutane." Walikwenda wameshikana mikono hadi shuleni, kila mmoja akaifuta kura ya mwenzake, kisha wakapitia kwa mwoka mikate kununua keki. Hawakununiana hata mwaka mmoja. Baba alifariki tarehe 30 Agosti 1998.

Sasa nafika mahali ambapo na mimi ninahusika.

Tarehe mosi Mei 1968 babu Hjalmar, akiwa na miaka sabini na miwili, alipanda basi peke yake kutoka kijijini kuja kumsikia binti yake akihutubia. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa na kofia mpya. Alisimama nyuma karibu na baiskeli, akasikia jinsi Hjalmar Rask alivyowakusanya vibarua jikoni kwake, jinsi alivyofukuzwa, jinsi alivyowapakia wanawe juu ya magunia. Mtu mmoja alimtambua. Watu wakapanga foleni kumshika mkono.

"Mzee Hjalmar, wewe ndiye uliyetufungulia njia!"

Babu alimvulia kofia kila mmoja wao.

Nyumbani tulikula samaki wa siki na viazi. Babu hakugusa chakula.

"Gunhild," alisema, "yule mzee uliyemsema leo ni Edvin."

"Kula, Baba, viazi vinapoa."

"Mimi ndiye niliyeendesha farasi."

"Baba. Kula."

Baba yetu aliweka uma chini. Roland aliuliza, "Edvin ni nani?" Hakujibiwa. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilielewa vya kutosha kujua kwamba hainipasi kuelewa.

Msimu wa mapukutiko mwaka ule ule mama alimtafutia babu nafasi katika nyumba ya wazee, mbali, mikoa miwili kutoka hapa. Alisema kule kuna hewa nzuri. Tulimtembelea Krismasi na Pasaka. Alifariki tarehe 17 Novemba 1971, na tulimzika kule kule, watu tisa.

Ni kwenye mazishi hayo ndipo mjomba Folke alipomweleza mama jambo alilokuwa halijui. Mwaka 1902, babu akiwa yatima wa miaka sita, alisimamishwa juu ya meza katika ukumbi wa parokia pamoja na watoto wengine maskini, akapewa yule aliyetaka malipo madogo kuliko wote ili amlishe. Mwaka uliofuata akasimamishwa tena, akaenda kwa mwingine. Alipitia nyumba saba kabla ya kupata kipaimara. Watu wenye viatu vinavyong'aa ndio waliokuwa wakiamua atalala wapi.

"Kwa nini hakuniambia?" mama aliuliza.

"Angekuambia lini?" Folke alijibu. "Kila alipofungua mdomo ulimwekea kijiko."

Mama alirudi nyumbani na maneno hayo, na Mei iliyofuata alihutubia kama kawaida. Mjomba Folke yuko hapa leo na ameniruhusu kuyasoma haya. Aliniambia pia niwaambie kwamba yeye naye alinyamaza, na kwamba siku ya kibao cha shaba alikula keki vipande viwili.

Mwaka 1994 niligombea udiwani mimi mwenyewe. Kipeperushi changu kilikuwa na picha ya babu na maneno haya: "Mjukuu wa mtu aliyethubutu." Nilichagua maneno hayo mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na ile meza ya chakula ya mwaka 1968 sikuwa nimeisahau hata kidogo. Nilishinda. Nimekaa katika kiti hicho vipindi sita, na kila mlipoona mtu wa ukoo wetu akizungumza kwa ukali juu ya haki, mlikuwa mkimsikiliza mtu aliyejua. Naona haya kulisoma hili mbele ya waliobandika vipeperushi vile kwenye baridi. Aibu hiyo ni yangu, siiweki kwenye jeneza la mama.

Mwezi Juni 2013, akiwa na miaka themanini na minne, mama aliniambia niwashe gari. Alikuwa ameshatafuta anwani ya Elsy Holmlund, ambaye sasa ni Elsy Ternstedt, fundi cherehani mstaafu, mjane, anayeishi Örebro ghorofa ya tatu.

Elsy alifungua mlango, akamtazama juu mpaka chini.

"Karibu, mheshimiwa," alisema. "Umekuja kunisimulia habari za baba yangu?"

Mama alishika fremu ya mlango. Elsy alimshika kiwiko, akamketisha jikoni, akamimina kahawa na kukata mkate mtamu wa iliki, yote bila kuacha kusema.

"Mwaka 1976 nilikuwa napiga pasi, redio iko wazi. Nikasikia gari la farasi, mvua, saa mapajani mwa mtoto. Nikamwita mume wangu, 'Njoo usikie, kuna mama redioni ananisimulia mimi.'"

"Kwa nini hukupiga simu?" mama aliuliza. "Kwa nini hukuandika gazetini?"

"Niandike nini? Kwamba mtoto yule ni mimi? Wanangu hawakujua hata kama tuliwahi kulala kwenye banda la matofali. Nilikuwa nimelificha lile gari kama mtu anavyoficha chawa, Gunhild. Halafu wewe unalitoa hadharani kama shada la maua. Na ulilisimulia vizuri, shetani wewe. Nililia mpaka nikaunguza shati. Lakini jina. Miaka yote hiyo. Jina la baba yangu lingekupunguzia nini?"

Mama aliweka kikombe chini. Alichosema baada ya hapo sikuwa nimekisikia hata mimi.

"Elsy, sahihi ni ya baba. Lakini msimamizi hakuanza na baba. Alianza na mimi. Aliniuliza ni watu wangapi walikuja kwenu Jumapili ile. Nikasimama, nikamhesabia."

"Kumi na mmoja," alisema Elsy. "Pamoja na majina."

Mama alimtazama.

"Ukuta ule ulikuwa wa mbao," Elsy alisema. "Nilikuwa upande wa pili nakungoja tugongeane. Ulihesabu kwa sauti nzuri, kama mbele ya mwalimu Malmros."

"Nilikuwa na miaka tisa."

"Na mimi minane. Sikumwambia baba kwamba ni wewe. Alikupenda, unajua. Alikuwa akisema katoto kale ka Hjalmar kana kichwa."

Hapo mama alilia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, si kwenye mazishi ya babu wala ya baba. Alilia kama mtoto, mdomo wazi, na Elsy aliendelea kuketi bila kumgusa. Baadaye mama aliuliza, "Umenisamehe?"

"Usiniulize hivyo nyumbani kwangu," Elsy alisema. "Kunywa kahawa."

Tulipokuwa mlangoni alisema anachotaka. Siku moja, mbele ya bendera zetu, mama asimame aseme: Edvin Holmlund. Basi. Asieleze zaidi kama hataki.

Mama aliahidi. Mwaka uliofuata chama kilimwomba azungumze tarehe mosi Mei, kwa heshima ya miaka themanini na mitano aliyoitimiza. Nilimchapishia hotuba kwa herufi kubwa. Jina lilikuwa kwenye mstari wa pili. Wengi wenu mlikuwepo. Mnakumbuka jua lilikuwa kali na bendi ilichelewa. Mama alipanda jukwaani, akaitazama karatasi, akawatazama ninyi, nyuso zilizompenda tangu ujana wake, na akasema: "Baba yangu, Hjalmar Rask, alifukuzwa kwa kuwaandikisha wenzake."

Mlipiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nami nilipiga.

Ndani ya gari aliniuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mdomo ulijiendea."

"Mama, karatasi ilikuwa mkononi."

"Najua ilikuwa mkononi!" alinijibu kwa ukali. Kisha, taratibu, "Wamezoea kunipenda hivyo, Ingela. Na mimi nimezoea."

Baada ya siku hiyo hakukanyaga tena mkutano wowote. Sababu tuliyowapa ni magoti.

Mama alianza kuugua moyo mwezi Novemba 2015. Alilazwa mara tatu, na mara ya mwisho, tarehe 21 Januari, daktari alitueleza wazi kwamba moyo umechoka. Alikuwa na akili timamu mpaka siku mbili za mwisho. Alinieleza mambo yote mliyoyasikia leo, kwa mpangilio, tarehe na saa, akanikatiza kila nilipokosea. Nilimuuliza kama ana hakika anataka yasomwe kanisani, chama kikiwepo.

"Hasa kikiwepo," alisema. "Usinipambe. Watu wataondoka kabla ya kahawa, waache waondoke. Kile kibao waking'oe."

"Utaonekana vibaya, Mama."

"Nitakuwa ndani ya sanduku. Wewe ndiye utakayeonekana. Utaweza?"

Nilimwambia nitaweza. Alinitazama kwa muda, na niliona hakuniamini, kwa kuwa alijua nimelelewa na nani.

Alifariki siku ya Jumanne tarehe 9 Februari 2016, saa tano na robo asubuhi, akiwa na miaka themanini na sita. Ilikuwa siku ya mikate ya krimu, inayoliwa kabla ya Kwaresma kuanza, na wauguzi walikuwa wamemwekea mmoja pembeni ya kitanda. Roland alimpaka krimu kidogo mdomoni kwa kidole. Aliilamba. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokifanya duniani, na tunashukuru kilikuwa kitamu.

Kwa hiyo nasema, mbele ya bendera zilizo pande zote mbili za jeneza: aliyewakusanya vibarua wa Hedvigslund mwaka 1938, aliyesingiziwa kuwatesa farasi, aliyetolewa na mkewe na wanawe kwenye mvua tarehe 24 Oktoba, alikuwa Edvin Holmlund. Edvin Holmlund. Babu yetu Hjalmar Rask alitia sahihi, kwa woga aliofundishwa juu ya meza ya parokia. Mama yetu alihesabu, kwa utii aliofundishwa mbele ya jiko. Alijenga nyumba mia nne na kumi na mbili na hazikumtosha. Mimi na Roland tumeiandikia halmashauri barua kuomba kibao kibadilishwe jina, nami nimejiuzulu udiwani kuanzia jana. Halmashauri haijajibu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Ingela na Roland, mkwe mmoja, Ann-Charlotte, wajukuu wanne, Jesper, Malin, Tove na Viktor, vitukuu wawili, na ndugu yake Folke Rask. Ameacha pia familia mia nne na zaidi katika nyumba ambazo hazitoi mtu mwezi Oktoba.

Bi Elsy Ternstedt hakuwa ndugu wa marehemu, na hakutaka kuandikwa miongoni mwa marafiki. Jumanne iliyopita alipiga simu kuuliza mazishi ni saa ngapi, na kama anaweza kukaa mbele, maana sikio lake la kushoto halisikii. Nilimwambia nafasi ipo. Nikamuuliza nimwandikeje kwenye kijitabu hiki.

"Andika jirani," alisema.

Mungu ampokee mama yetu Gunhild jinsi alivyokuwa, na ampe utulivu ambao hakuupata kwenye makofi yetu.